Jiwe Lililokunywa Maji

Enzi zetu, sisi tuliorudi kutoka Tanzania na ndoo kichwani na Kifaransa cha kubahatisha, hukuweza kusoma fizikia ukabaki mkavu. Watoto wa siku hizi wanapima jiwe kwenye simu: wanalivuta kwa kidole, wanalitumbukiza kwenye maji ya picha, jibu linatoka lenyewe na wao wanarudi kucheka video za watu wanaoanguka. Sisi tulilowa mpaka viwiko. Nasema hivi bila kujisifu, maana kuna siku nilitamani kuliko kitu chochote kwamba jiwe langu lingekuwa la kwenye picha.

Tulikaa Muyinga, kaskazini mwa Burundi, nyumba ya kupanga karibu na shule, mimi na bibi yangu mzaa baba. Mama alifariki Tanzania kwa malaria nikiwa na miaka minne. Asubuhi za Muyinga zilikuwa za ukungu. Nilikula kiporo cha maharage na ndizi nikiwa nimesimama, nikakimbia shule nikiwa bado natafuna, na kwenye ukungu ule ulisikia vicheko vya wenzako kabla hujaona hata mguu wa mtu. Mapumziko tuliruka kamba, tulicheza mpira wa majani ya migomba, na wavulana walituiga sisi tuliotoka Tanzania jinsi tulivyosema Kiswahili. Walituita "Watanzania". Kule Tanzania nako tuliitwa Warundi, kwa hiyo jina letu halisi hatukulisikia mahali popote isipokuwa kwenye rejista.

Lakini mimi nilikuwa na kitu ambacho wenzangu wengi hawakuwa nacho. Nilikuwa na baba, na baba yangu alikuwa na nyumba.

Nyumba hiyo ilikuwa Giheta, ukiwa unaelekea Gitega mjini. Bibi alinisimulia tangu najua kusikia. Baba aliijenga mwenyewe kwa rukarakara, matofali ya udongo yasiyochomwa, aliyoyapiga kwa mikono na kuyaanika juani kiangazi kizima. Vita vilipokuja, Bibi na Mama walinibeba wakakimbia, na Baba akabaki nyumbani. Ndivyo alivyosema siku zote: "Baba yako yuko nyumbani." Nilipouliza tutaenda lini, alisema mvua zikikatika. Mvua zilikatika, akasema tukivuna. Tulivuna, akasema magoti yanamsumbua. Mimi nikawa nahesabu tu.

Na tulikuwa na ushahidi. Bibi alikuwa na jiwe dogo lenye ukubwa wa yai la kuku, jekundu upande mmoja na jeusi upande wa pili, alilolifunga kwenye kipande cha kitenge. Aliliita jiwe la nyumba. Lilitoka kwenye ukuta wetu wa Giheta, likavuka mpaka kwenda, likavuka mpaka kurudi. Kila nyumba tuliyolala, Bibi aliliweka kwanza nyuma ya mlango ndipo akatandika mkeka. Sharti lake lilikuwa moja: lisiguswe na maji. Bati likivuja, Bibi aliwahi jiwe kabla ya kuwahi unga.

Mimi nililipenda. Bibi akienda shamba, nililiweka sikioni nikamsimulia Baba habari zangu: nimepata nane kwa kumi, nimepigana na Spesi wa darasani kwetu, nguo yangu ya shule imekuwa fupi. Niliamini yanafika. Nikinyamaza, nilisikia kitu ndani yake kama mtu anayevuta pumzi mbali sana. Naapa nilisikia, na mpaka leo sijapata wa kuniambia nilisikia nini.

Sasa siku moja Mwalimu Dezire, mwalimu wetu wa fizikia, mwanaume mrefu mwenye sweta moja ya mwaka mzima, akatuambia: "Bon, kesho tutapima masse volumique. Kila mtu alete jiwe yake, moja tu, yenye itaingia humu." Akainua epruveti, gilasi ndefu yenye mistari ya kupimia maji. Shule nzima ilikuwa na moja, na aliileta darasani akiwa ameifunga kwenye sweta hiyohiyo kama mtoto mchanga. Sheria ya kupata hiyo masse volumique, yaani msongamano wa jiwe, ilikuwa nyepesi: unapima uzito wa jiwe kwenye mizani, unalizamisha kwa uzi, unaangalia maji yamepanda kiasi gani, kisha uzito unaugawa kwa maji yaliyopanda.

Unadhani nilikwenda kuokota jiwe barabarani? Nilitaka kumwandika Baba kwenye daftari. Nilipanga tukifika Giheta nimwonyeshe: hii hapa, nyumba yako, nimeipima mwenyewe. Kuhusu maji, nilijiambia ni dakika moja tu, nitalifuta, Bibi hatajua. Asubuhi nikalitoa nyuma ya mlango, nikaacha kitenge kimekunjwa vilevile na kiazi ndani yake.

Mawe ya wenzangu yalikuwa na adabu. La Spesi mbili nukta sita, la jirani yake mbili nukta saba, tena mbili nukta sita. Yaliingia majini yakatulia. Mwalimu alipuliza vidole vyake kwa baridi akaita jina langu. "Konsolata!"

Mizani ilisema gramu sabini. Maji yalikuwa kwenye mia mbili. Nikalishusha taratibu, yakapanda mpaka mia mbili na arobaini, na mwenzangu akaanza kuandika. Ndipo jiwe likaanza kupumua.

Sina neno lingine. Mapovu madogo yalitoka upande ule mweusi, moja, mawili, kisha mfululizo, na yakitoka yalitoa sauti nyembamba kama ya mtu anayesinzia. Watu wakasogea. Maji nayo yakaanza kushuka. Mia mbili thelathini na sita. Thelathini na tatu.

"Linakunywa," Spesi akanong'ona.

Yalipofika mia mbili thelathini na moja yakasimama. Mwalimu akalivuta kwa uzi akalirudisha kwenye mizani: gramu sabini na tisa. Wasichana wa dawati la mbele waliinuka wakaenda kusimama ukutani. Na hapo harufu ikatufikia, harufu ya moshi. Haikuwa ya moshi wa jikoni, ambao kila mtu pale aliubeba kwenye nywele zake. Ilikuwa ya nyasi za paa na mbao na nguo. Ilitoka kwenye yale maji, ambayo sasa yalikuwa ya kijivu. Nikahisi kama kuna mtu ameingia darasani bila kubisha.

Mwalimu Dezire aliinama juu ya gilasi akanusa. Alipoinuka, uso wake haukuwa wa mwalimu.

"We, hii si jiwe. Umeitoa wapi?"

"Nyumbani kwetu, Mwalimu. Giheta. Ni ya ukuta."

"Nyumba ya matofali ya kuchoma?"

"Hapana. Rukarakara. Baba alizianika juani."

Mwalimu alitoka nje, akamega bonge kwenye ukuta wa stoo ya majembe, ambao nao ulikuwa wa rukarakara, akarudi akalitupa kwenye kikombe cha maji. Sote tuliangalia. Lilikaa kidogo, likalegea, likawa uji wa matope. Kisha akaliangalia la kwangu, gumu, zima, linachuruzika maji mezani.

"Udongo mbichi ukikuta maji unarudi matope," alisema polepole. "Huu umepita kwenye moto. Moto mkubwa." Akaligeuza upande mweusi. "Na kwenye hiyo nyumba, iko nani?"

"Baba," nikasema.

Mwalimu alitoa leso yake, akalifunga lile jiwe, akaniwekea mkononi kwa mikono yote miwili, kama unavyompa mtu kitu msibani. Akageukia ubao ulioandikwa "Conclusion" akasimama pale na chaki yake. Kisha akasema tufunge madaftari, na kengele ilikuwa bado.

Nilitembea kwenda nyumbani na leso ikinidondoshea maji mguuni. Harufu ilinifuata, mbuzi wa watu aliyefungwa njiani aliinua kichwa, akarudi nyuma mpaka kamba ikakaza. Nilitamani kulitupa, na nilitamani kuliweka sikioni. Sikuthubutu lolote kati ya hayo mawili.

Bibi alikuwa mlangoni anachambua maharage. Hakuniona kwanza, alinusa. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Umelinywesha maji," alisema.

"Bibi, nyumba iliungua lini?"

Aliweka ungo chini. Nilidhani atanichapa, na laiti angenichapa.

"Siku ileile, mwananje, mwanangu. Sisi tulikuwa kwenye migomba, wewe mgongoni kwangu, mama yako amekuziba mdomo kwa mkono. Kulipokucha nilirudi peke yangu. Ukuta ulikuwa bado moto. Nilichukua kile kilichokubali kutoka."

"Na Baba?"

"Alikuwa ndani."

"Uliniambia yuko nyumbani!"

"Ego," alisema, ndiyo, na hakuinua macho. "Yuko nyumbani. Sikujua namna nyingine ya kulisema."

Nilimchukia Bibi. Nalisema wazi kwa sababu sasa hayupo na nimeshamwomba radhi kaburini: nilimchukia mwaka mzima, nikala chakula chake bila kumwangalia. Aliliweka jiwe karibu na mafiga siku nyingi likauke. Lilikauka kwa macho, lakini kila nikilishika niliona ni zito kuliko zamani, na siku za mvua nyumba nzima ilinukia moshi wa paa ambalo sikuwahi kulala chini yake. Sikusema nalo tena. Kiangazi kilichofuata, bila mimi kuuliza, Bibi alikata tiketi mbili za basi tukaenda Giheta. Tulikuta shamba la mihogo. Mwenye shamba, mzee mmoja mpole, alilima pande zote akaacha kipande cha katikati chenye ukubwa wa chumba. Alisema jembe halipendi pale. Bibi alifukua kwa vidole, akalizika jiwe, akakaa juu ya majani, na ndipo kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia analia.

Leo naishi Gitega, nashona sare za wanafunzi, na binti yangu anasoma shule ya Mushasha, hapahapa mjini. Juzi alinionyesha somo la msongamano kwenye simu. Jiwe lilizama kwa heshima, namba ikatokea, mapovu hakuna. Nilimuuliza, je, likinywa maji? Akanitazama kama mtu anayemhurumia mzee. "Mama, mawe hayanywi maji." Kisha akampigia baba yake, anayefanya biashara ya maharage Muyinga, kumuuliza yuko wapi, na baba yake akageuza simu akamwonyesha barabara, magunia na mvua inayokuja. Dakika mbili tu, kisha binti akakata, hata kwaheri hakusema. Hawajui wana nini, hawa.

Wala siwaonei wivu wa simu. Nawaonea wivu wa kujua. Wenzangu wa Muyinga walifiwa na baba zao wakati wa vita, watu wakalia, wakakaa nao, wakawanyoa nywele za matanga. Mimi nilifiwa wakati wa amani, kipindi cha fizikia, nimeshika kalamu nasubiri kugawanya, na kesho yake nilirudi shule kama kawaida, kwa sababu kwa watu wote wengine baba yangu alikuwa amekufa zamani.