Niliposti Video ya Kuicheka Roboti ya Baba Nikijua ni Yake

Admin, jina langu libaki kwako tafadhali. Mimi ni dada wa miaka 31, naishi Pasiansi hapa Mwanza. Mchana nauza vifaa vya shule kwenye duka la mtu, jioni nina ukurasa wangu mtandaoni wa kupima midoli. Najua wengine mtacheka, mtu mzima na midoli. Napenda sana zile roboti za kwenye filamu, unaikunja inakuwa gari, unaikunjua inarudi kuwa roboti. Watu wananitumia za kwao nazirekodi: viungo vimekaza au vimelegea, sura imefanana na ya kwenye filamu au wamebandika tu, ukiigeuza inageuka au inakwama. Mwisho natoa alama juu ya kumi. Watu wanapenda, hasa siku nikiwa na mdomo mkali.

Baba yangu yuko Nansio, kule Ukerewe, na mama. Ni fundi saa. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea, na hospitali wakamwambia mkono asiuache ukae bure, aushughulishe kila siku. Mama akawa ananiambia baba anajitahidi, na kwamba hakosi video yangu hata moja. Mimi nikaishia kufurahi tu, sikuuliza anajitahidi kwa kufanya nini.

Mwezi uliopita nikapokea kifurushi kilichokuja na meli kutoka Ukerewe. Jina la mtumaji hakuna, ni kikaratasi tu kimechapwa kwa kompyuta: "Mtaalamu, hii niliipata kwenye mitumba haina mkono wa kulia. Mkono nimeutengeneza mwenyewe. Ipime kama unavyopima nyingine, usinionee huruma." Ndani kulikuwa na roboti nyekundu, yule zimamoto wa kwenye filamu anayegeuka gari la kuzimia moto.

Nikawasha simu nikaanza kurekodi. Mkono wenyewe ulikuwa wa bati, umepakwa rangi ya kucha, mrefu kuliko mwenzake, na ukiusogeza unatikisika. Nikasema, "Jamani, huyu kaazima mkono wa nani? Mbona unatetemeka kama wa mzee aliyeshika kikombe cha chai?" Nilicheka mwenyewe mpaka machozi. Nikaipa alama mbili.

Mpaka hapo mngeweza kunisamehe, maana sikujua. Lakini simu ilikuwa bado inarekodi nilipoanza kuigeuza iwe gari. Vipande vya kiwandani vilikwamakwama. Mkono ule wa bati ndio uliolala vizuri juu ya gari, nikauvuta, ukanyooka ukawa ngazi ya zimamoto. Kiwandani hawakuwa wamefikiria ngazi. Nikausogeza karibu na macho, nikaona nukta tatu ndogo zimegongwa kwenye bati. Baba hugonga nukta tatu ndani ya mfuniko wa kila saa anayoitengeneza, ili ikirudi ajue ni kazi yake. Nimeziona nukta hizo tangu nikiwa darasa la kwanza.

Nilijua. Nilikaa nayo mkononi, nikajua kabisa. Halafu nikaanza kujidanganya kwamba labda ni fundi mwingine wa Nansio, labda ni mikwaruzo tu. Ukweli ni kwamba video ilikuwa inachekesha, na ukurasa wangu ulikuwa umepoa wiki nzima. Kipande cha ngazi nikakikata kwa sababu kilikuwa kinaharibu utani. Cha kutetemeka nikakiacha. Nikaposti.

Watu walicheka mpaka nikaogopa. Mtu akiona kitu kibovu popote anaandika "mkono wa kuazima". Kesho yake mama akapiga simu, hata salamu yangu hakuipokea vizuri.

"Baba yako jana alipoona video imetoka, aliwaita majirani kabla hajaifungua. Kawaambia, leo mwanangu anapima kazi yangu na hajui ni mimi."

"Wakasemaje, mama?"

"Walicheka. Na yeye akacheka nao. Halafu akaenda kulala, jua bado liko juu. Miezi minne alihangaika na ule mkono wa roboti. Bisibisi inamdondoka, anainama, anaokota. Mimi nikitaka kumsaidia ananifukuza."

Kisha nikasikia baba anaiomba simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Usimsikilize mama yako. Mtaalamu anasema anachokiona. Na mimi nimewaambia wote hapa, yule hakujua kama ni mimi. Angejua asingesema vile. Si ndiyo?"

Nikamjibu, "Ndiyo baba. Sikujua."

Maneno hayo yananitafuna kuliko video yenyewe. Video nimeifuta, ingawa watu walishaisambaza. Mama anasema baba ameagiza vifaa vyake vya kazi apewe fundi mwingine. Mkono wa kulia anauweka mapajani siku nzima, anakula kwa wa kushoto. Nilipomwambia mama amhimize afanye mazoezi, akanijibu, "Mhimize wewe uliyemcheka," akakata simu.

Jumanne baba anakuja Mwanza kliniki, atalala kwangu. Kile kipande cha ngazi bado ninacho kwenye simu. Natamani nimwonyeshe, kisha nikiweke mtandaoni, watu waone kwamba mkono wake ulikuwa bora kuliko kazi ya kiwandani. Lakini akikiona tu ataelewa kwamba niliiona ngazi, niliziona nukta zake, nikazikata, halafu nikamdanganya kwa mdomo wangu. Kinachompa nguvu ya kuwatazama majirani zake usoni ni kuamini kwamba mwanawe hakujua. Nikimnyang'anya na hicho atabaki na nini? Na nikinyamaza, mkono wake si ndio utakufa kabisa?

Ninyi mliowahi kumuumiza mzazi na yeye akawatetea, mliwezaje kumtazama tena? Nimwambie nilijua, au nimwachie anachokiamini? Semeni nami kabla hajapanda meli, maana peke yangu nimeshindwa.