Kadi ya Njano

Kadi ya njano niliikuta mfukoni mwa shati la mume wangu nilipokuwa nikiloweka nguo. Hapa mtaani kwetu Hai Cinema kila mtu anaifahamu kadi hiyo. Ukipimwa kliniki ukakutwa na kaswende, unapewa umpelekee mwenzako naye aende akatibiwe. Jina hawaandiki, namba tu.

Jina nilikuwa nalo mimi: mama wa chai wa ng'ambo ya barabara. Wiki mbili mume wangu alikuwa akinywa chai kwake, na mimi mkewe nina mkahawa, nina mimba ya miezi sita, na birika langu halijawahi kukauka. Nilimwonea wivu mwanamke yule, hata kiuno chake chembamba nilikionea wivu.

Nikavuka barabara na povu mikononi, nikaibwaga trei yake ya vikombe mbele ya wateja. "Wewe! Umepatia bwana yangu ugonjwa!"

"Wallahi, mama, mimi hapana jua hiyo maneno," alisema. "Bwana yako iko nakunywa chai tu."

Bibi yangu alikuwa akisimulia, tena kwa hasira, jinsi enzi za Waingereza wanawake wa mjini walivyopangwa foleni wakaguliwe kama wana ugonjwa huo huku wanaume wakiachwa waende zao. Siku ile ningemsukuma yule mama kwenye foleni hiyo kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikaenda kliniki, si kwa ajili ya dawa. Nilitaka daftari lifunguliwe nisome jina. Muuguzi akaitazama namba, kisha akanitazama mimi.

"Mama, hii kadi ni wewe tulikupa."

Nikabisha. Mimi nilipewa bahasha ya kumwalika baba mtoto kliniki ya wajawazito, nikampelekea bila kuifungua, basi.

"Ndani ya ile bahasha. Nilikueleza. Na sindano unachomwa kila wiki, ulifikiri ni za nini?"

"Za mimba."

Kweli alinieleza. Niliitikia ndiyo, ndiyo, na mawazo yangu yalikuwa kwenye maharagwe niliyoyaacha jikoni. Akaanza upya, taratibu: ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini kimya miaka mingi, na damu haiwezi kusema nani alimpa nani. Imebaki sindano moja, nisiikose, kwa ajili ya mtoto. Nikachomwa, nikarudi nyumbani nikichechemea.

Nikaiweka kadi mezani mbele ya mume wangu. Yeye alikuwa ameshatibiwa, kimyakimya.

"Nani?" akaniuliza.

Neno lile lile nililokwenda nalo kliniki. Sikuwa na jina la kumpa. Niliwahi kuolewa Uganda kabla yake, naye alikuwa na mambo yake kabla yangu. Lakini wivu wangu ulikuwa haujashiba.

"Na chai kwa yule mwanamke, kwa nini?"

Akainamisha kichwa. "Ukikaa pale, mlango ya mkahawa yako inaonekana vizuri," akasema. "Nilikuwa naangalia wanaume wanaingia."