Bei Mbili za Albina

Oswaldi alimpiga mkewe Albina kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika, kisha akaendelea kwa ngumi. Alitaka jibu moja tu. Saa yake moja ya kazi inauzwa shilingi elfu nne kule ofisini. Hizo hela anampelekea nani?

Ilikuwa Sumbawanga, mwaka 2004. Albina alikuwa katibu muhtasi wa wakili Zenon, na mwezi mmoja kabla ya kipigo hicho wakili alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na programu ya kompyuta ya kuendeshea ofisi. Zamani mteja alipatana naye kwa mdomo wakapeana mikono. Sasa kila mfanyakazi alitakiwa aingizwe kwenye mashine na bei mbili. Ya kwanza ni gharama yake kwa saa, yaani mshahara pamoja na fungu lake la kodi ya pango na umeme. Ya pili ni ile anayotozwa mteja kwa saa hiyohiyo.

Albina ndiye aliyeziingiza. Gharama yake mwenyewe ilitoka shilingi mia tisa.

"Na bei ya mteja niweke ngapi, mheshimiwa?"

"Elfu nne."

"Yangu mimi?"

"Yako. Lakini usije ukadhani ni mshahara. Hiyo inabeba ofisi nzima, hata siku ambazo hakuna mteja."

Akaandika, akaenda kwenye jina la Steven, tarishi wa ofisi.

Ankara ya kwanza kutoka kwenye mashine ilimwendea Ndalahwa, mfugaji wa Mpui aliyekuwa na kesi ya eneo la malisho. Ilionyesha kila jina na saa zake. Ndalahwa alilipa, akapita kilabuni kunywa, akamkuta Oswaldi. Hakuwa na nia mbaya. Alimpigapiga begani akamwambia, "Bwana, wewe umeoa. Mkeo saa yake moja nimeilipia elfu nne."

Oswaldi alikuwa mtunza ghala mpaka ghala lilipouzwa kwa mtu binafsi na wafanyakazi wote wakapunguzwa kazi. Tangu hapo alichuuza mahindi kwa baiskeli, na neno lolote kuhusu hela lilimchoma. Alitoka kilabuni bila kumaliza kikombe chake.

"Ni bei ya ofisi, baba Beda," Albina alimwambia. "Mshahara wangu ni uleule."

Kila alipoeleza alipata kipigo kingine. Watoto walikimbilia kwa jirani. Jino moja la mbele lilitoka, na sikio likavuja damu mpaka kwenye kola ya blauzi.

Asubuhi alikwenda kazini kwa sababu aliogopa kubaki nyumbani. Zenon alipouona uso wake alimwambia aende hospitali, halafu polisi, na Steven amsindikize. Walikuwa bado wanatafuta kitenge cha kumfunika Albina kichwa, mara Oswaldi akaingia na panga.

"Nimefuata hela za mke wangu," alisema kwa sauti ya chini.

Zenon hakupiga kelele. Alifanya kosa moja: alifikiri mtu akiona ataelewa. Akageuza kompyuta akamwonyesha jina la Albina na zile bei mbili, akimfafanulia polepole kama anavyofafanua mahakamani.

Oswaldi alitazama kwa muda mrefu. "Kumbe anakuletea elfu nne," alisema, "na wewe unamrudishia mia tisa."

Panga lilishuka kwenye mkono wa Zenon uliokuwa juu ya meza. Vidole viwili vilikatika palepale. Pigo la pili lilipasua kioo cha kompyuta. Steven alirusha kiti kikamkosa, na Albina akaurukia mkono wenye panga akaung'ata. Oswaldi alimkung'uta akaanguka, kisha akamkata begani. Alipoinua panga tena, Albina aliinyakua stabilaiza ya kompyuta, lile boksi zito la chuma la kutulizia umeme, akampiga nalo kichwani. Akampiga tena alipokuwa anaanguka. Angeendelea, ila Steven alimshika kiunoni.

Oswaldi hakufa. Alifungwa miaka saba, na maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Kanisani wanakwaya wenzake Albina walianza kuacha nafasi pembeni yake, naye akahamia viti vya nyuma.

Zenon alijifunza kusaini kwa mkono wa kushoto. Alinunua mashine nyingine, na Albina akaziingiza bei upya, zilezile. Aliomba kitu kimoja, jina lake lisitokee kwenye ankara, liandikwe neno katibu tu. Zenon alikubali.

Mwaka uliofuata mama mkwe wa Albina, Luciana, alifika kutoka kijijini.

"Shikamoo, mama," Albina alimpokea mzigo.

"Marahaba. Umenifungia mwanangu, na kichwa umekiharibu."

"Ndiyo, mama. Ningemwacha, ungekuja kunizika."

Luciana aliomba kuona bega. Albina akafungua vifungo. Mama alilitazama lile kovu, akaligusa kwa kidole, akarudisha mkono mapajani.

"Nitakaa mpaka Jumapili," alisema. "Watoto wananihitaji."

"Kaa tu, mama," Albina alisema, akaenda kuongeza unga kwenye maji ya ugali.