Shemasi Mtarajiwa na Chupa ya Kijani

Jumapili ya tarehe 14 Machi 2010, jina la Télesphore Mugisho lilisomwa kanisani, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, likiwa la tatu katika orodha ya watu wanne ambao wangewekwa wakfu kuwa mashemasi siku ya Pasaka. Siku tisa baadaye, Jumanne saa sita mchana, mtu huyo huyo alionekana Mchesi, mjini Lilongwe, akitoka kwenye baa na chupa ya bia imefungwa ndani ya gazeti.

Aliyemwona alikuwa Mzee Niyongabo, Mrundi kutoka mkoa wa Ngozi na mzee wa kanisa hilo, ambaye alikuwa ng'ambo ya barabara akichagua misumari. Mzee hakumwita. Alipanda minibasi ile ile ya kurudi Dowa, wilaya yenye kambi, akakaa nyuma ya Télesphore, akamnusa safari nzima. Hakupata harufu ya kitu, jambo ambalo alilihesabu kuwa ujanja wa mlevi mzoefu.

Télesphore alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, na hakuwa amewahi kuonja bia. Chupa aliyoibeba ilikuwa tupu. Aliinunua ikiwa tupu, baada ya kubishana sana na muuzaji wa baa ambaye hakuelewa mtu anayetaka chupa bila kilichomo. Aliitaka ya kusukumia chapati. Ya zamani ilikuwa imevunjika, na katika mambo ya chapati Télesphore hakuwa mtu wa kubahatisha. Chupa ya soda ina kiuno, inaacha mgongo katikati ya chapati. Ya mvinyo ni ndefu, inagonga ukingo wa meza. Ya bia imenyooka, na ukiijaza maji baridi inapata uzito wake na unga haugandi.

Kueleza hayo kulikuwa rahisi. Tatizo ni kwamba kambi nzima ilijua chapati za nyumba ile zinapikwa na mke wake, Fortunée.

Mambo yalianza mwaka 2007, Télesphore alipoitwa Lilongwe kushona mapazia katika nyumba ya Wahindi. Kwa wiki mbili cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, na bibi wa nyumba alikuwa akipika chapati kila siku mbele ya macho yake. Télesphore alidhani anazijua chapati. Siku ya pili alimwambia bibi, kwa Chichewa chake cha kuungaunga, kwamba kwao Bukavu, kwenye chapati za kweli, unga ni mweupe na mafuta ni mengi. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akampa moja ya kwake. Ilikuwa ya unga wa ngano nzima, ule wa rangi ya udongo ambao wao huuita ata, haikuwa na tone la mafuta, na ilikuwa laini kama sikio la mtoto. Télesphore alimaliza mapazia siku nne baada ya wakati wake.

Nyumbani alijaribu miezi kadhaa, pazia likiwa limeshushwa, maana mwanamume wa umri wake akikaa mbele ya jiko la mbabula kwa hiari anatafutiwa jina la utani kabla mkaa haujashika. Alipofaulu, Fortunée alipeleka chapati kumi kwenye ubatizo wa jirani. Akina mama walizitazama wakadhani ni pumba za kuku. Halafu wakazionja. Mmoja akauliza nani kazipika.

"Mi njo nimepika," akasema Fortunée, na hakuweza tena kurudi nyuma.

Ndani ya mwaka mmoja alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Mke wa mchungaji, Mama Annonciata, aliyekatazwa unga mweupe kliniki, alikuwa akiletewa sita kila Jumamosi. Kila walipomwomba awafundishe, Fortunée aliumwa mgongo ghafla.

Kwa hiyo Jumatano, Mzee Niyongabo alipotuma habari kwamba wazee watatu watakuja kesho yake kuuliza habari za chupa, mume na mke walikaa mezani wakitazamana.

"Papa Olga, ukisema ni we unapika, mi nitapitia wapi?" Fortunée aliuliza. Olga ni binti yao wa kwanza. "Ba mama batanicheka mpaka ku robinet ya maji."

"Na nikinyamaza, mi niko mulevi. Mu orodha batanitoa."

"Nitasema chupa ni yangu, ya kusukumia. Si ni kweli? Iko mu nyumba yangu."

"Na bakikuambia usukume?"

"Nani atauliza vile? Banaume habajue mambo ya jikoni."

Télesphore, ambaye alikuwa mwanamume, aliijaza chupa maji baridi. Lakini alimwahidi kwamba hatasema neno.

Alhamisi wazee walifika baada ya chakula cha mchana. Wawili kazi yao ilikuwa kutikisa vichwa. Niyongabo ndiye aliyeuliza.

"Bwana asifiwe. Papa Olga, kile kitu ulichofunga mu gazeti kilikuwa nini?"

"Chupa, Mzee."

"Chupa ya nini?"

"Ya bière. Lakini iko vide."

"Vide kwa sababu iliuzwa vide, ao kwa sababu njia ni ndefu?"

"Chupa ni yangu, Mzee," Fortunée akaingilia. "Mi njo nilimutuma. Nasukumia chapati."

Uso wa Niyongabo ulikunjuka. Alisema kwamba hilo ni jambo jema sana, na kwamba mke wake haachi kuzisifu chapati hizo.

"Basi Mama Olga, tusukumie moja tu. Tuone, tuandike, twende."

Hakukuwa na mgongo uliobaki wa kuumwa. Unga ulikuwapo, umekandwa na Télesphore tangu asubuhi na kufunikwa kitambaa kibichi. Fortunée alikata donge, akalipiga kofi, akaanza. Télesphore alikuwa kwenye cherehani yake, anashona suruali ambayo tayari ilikuwa imeshonwa. Aliona mke wake anakandamiza upande mmoja kwa nguvu zote. Akavumilia. Aliona chapati inachomoza pembe, kisha pembe nyingine, mpaka ikafanana na ngozi ya mbuzi iliyotandazwa juani. Akavumilia.

"Hii njo ile ya Mama Pasta?" Niyongabo akauliza taratibu. Aligeukia kwenye cherehani. "Papa Olga, sema ukweli. Ulikunywa."

Télesphore aliona nafasi yake ya ushemasi inavaa viatu na kutoka mlangoni. Hata hilo alilivumilia, maana alikuwa ametoa ahadi. Ndipo Fortunée, kwa kuchanganyikiwa, akachota konzi nzima ya unga mkavu akaimwaga juu ya donge.

"Hapana!" Télesphore alikuwa amesimama. "Unaiua! Leta hapa."

Alimpokonya chupa. Akakata donge jipya, akaliviringisha kiganjani, akalisukuma kwa mikono isiyobonyeza, na donge likawa linazunguka lenyewe chini ya chupa. Akalitupa kwenye kikaango kikavu, akaligeuza mara mbili, kisha akaliweka juu ya waya, kwenye makaa yenyewe. Chapati ikavimba yote, ikawa mpira. Wazee wawili waliacha kutikisa vichwa.

Walikula. Niyongabo aliomba ya pili, akasema ni kwa ajili ya uchunguzi, na ya tatu hakuitolea sababu.

"Kumbe Mama Pasta anakula mukono wa mwanaume miaka miwili!" alisema alipomaliza.

"Na we Mzee," Fortunée akamjibu, macho mekundu lakini ulimi mzima, "ku harusi ya jirani yetu Niyibizi ulikula chapati ine. Haukuuliza mukono."

Niyongabo alipangusa vidole. Akatoa uamuzi: bia hakuna, uongo upo. Télesphore atabaki kwenye orodha, ila kwa sharti kwamba Jumapili Fortunée aseme ukweli mbele ya akina mama.

Fortunée alisimama Jumapili baada ya ibada. "Niliwadanganya," alisema. "Chapati ni za Papa Olga. Lakini mwenye kupata bwana wa vile ni mi, si nyinyi." Walimcheka robo saa nzima, kisha wakamwachia uenyekiti.

Siku ya Pasaka, tarehe 4 Aprili, Télesphore aliwekwa wakfu. Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi, alianza kuwafundisha akina mama kumi na wanne, Fortunée akiwa mmoja wao.