Baharia wa Mpemba

Wiki iliyopita nilipita Mpemba, tulikokulia, nikakuta lile shimo letu limefukiwa, malori yamepaki juu yake. Nilinunua hindi la kuchoma, likanishinda kula.

Wajenzi wa barabara ndio waliolichimba wakitafuta kifusi. Masika likijaa maji, sisi watoto tuliliita bahari, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Aliyeijua ni mpangaji wa jirani yetu, mwanamume mkimya kutoka pwani, aliyekuwa akisubiri karatasi zake avuke kwenda Zambia. Tukamwita Baharia. Jioni, bibi akipukuchua maharage, yeye alitufundisha kufunga mafundo ya kamba. Alitusimulia jinsi maharamia walivyoivamia kwa bunduki meli waliyofanyia kazi yeye na mdogo wake wa kiume, wakaondoka na huyo mdogo. Akifika hapo aliangalia viganja vyake.

"Chezeni hapahapa uani," alituambia. "Majini msiingie. Mimi nayajua."

Siku moja wakubwa wakiwa shambani, nilikusanya madumu matupu, nikayafunga kwa mafundo yale yawe meli, nikayaingiza kwenye maji ya shimo, nikampandisha mdogo wangu wa kike, wa miaka minne, awe nahodha, nami nikapanda nyuma yake. Watoto wa ng'ambo ya shimo ndio maharamia. Wakaturushia mapera mabichi. Tulicheka mpaka madumu yalipoachana. Nilijikuta ukingoni. Mdogo wangu simwoni.

Baharia alikuwa ndio anarudi kutoka mpakani Tunduma. Alisikia kelele zetu, akajitosa na viatu vyake. Alimtoa, akamlaza, akamkandamiza kifua mpaka akatapika maji na kulia. Baharia naye akalia kuliko yeye, akimwita kwa jina la kiume ambalo sisi hatukulijua.

Baba alikuja mbio. "Nani kawafundisha mambo haya?"

Niliogopa fimbo. Nikasema, "Baharia."

Baharia alinitazama tu. Asubuhi jirani alimwambia ahame. Mdogo wangu alikuwa amelala na homa. Mimi nilijibanza nyuma ya jiko, nikamwona Baharia akishika barabara ya mpakani na begi lake, viatu bado vimelowa. Hatukumwona tena.

Bibi hayupo, baba hayupo. Mdogo wangu ana watoto watatu sasa, kaolewa Hasamba. Tukikaa mimi na yeye, huniuliza, "Hivi kaka, yule mtu aliyeniokoa, mbona aliondoka bila kuniaga?"

Kila mara namjibu kwamba sijui.