Kunde Zisizojua Kwetu

Kwetu Ukambani kunde hupandwa kwenye vumbi. Hungoji mvua inyeshe ndipo ushike jembe. Unasoma mawingu, unapanda udongo ukiwa mkavu, ili mvua ikija ikute mbegu zimeshakaa. Ni kama kulipia mali kabla hujaiona. Sijui nilizaliwaje na mwanamke wa tabia hiyo, mimi ambaye sinunui hata kitunguu bila kukigeuza mara mbili.

Kila baada ya mavuno Mama alinitumia kunde hapa Mowlem, Nairobi, nami nikaziuza kibandani kwangu kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka. Mbegu hakutuma kamwe. Hizo alizichagua mwenyewe, akazichanganya na jivu na kuzifungia kwenye kibuyu, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake aliyempa za kwanza. Mvua ilipokosa msimu mmoja, halafu wa pili, hata wingu la kupandia halikuonekana; mbuzi waliuzwa lakini kibuyu hakikuguswa.

Msimu uliofuata mawingu yalikuja mazito. Nilimpigia simu nikamsihi apande nusu, nusu aiweke. Akanicheka, akasema shamba si kibanda, na mawingu ya namna hiyo hayajawahi kumdanganya. Akapanda zote. Mvua ilinyesha siku chache, kunde zikachipua, kisha jua likawaka. Zilikauka zikiwa bado na majani mawili mawili.

Nikamleta Nairobi. Hata hajazoea ngazi za ploti yetu ya kupanga, mvua ikashuka Mowlem, juu ya mabati na lami, mahali ambapo hakuna mtu aliyepanda chochote. Mtaro ulifurika ukaingia kibandani. Magunia mawili ya kunde za kununua yalilowa. Nilihesabu tena nikitumaini ni moja. Mama alisimama akiitazama hiyo mvua kama anayemwona mtu amevaa nguo yake iliyoibwa.

"Hii ilikuwa yetu," alisema.

Maji ya mtaro yaliingia kwenye bomba la ploti, na tumbo likamshika. Kwenye zahanati tuliwakuta nusu ya majirani zetu wamejaa benchi. Tuliambiwa tuchemshe maji ya kunywa, ushauri mzuri kwa mtu ambaye hajauliza bei ya makaa.

Alipopata nguvu aliomba kitu kimoja tu: mbegu, arudi nyumbani akapande. Niliuziwa gunia jipya na mfanyabiashara wa jumla ambaye mwenyewe hakujua kunde zake zilitoka wapi. Mama alimwaga kiasi kwenye uteo, akaketi nje ya kibanda, akaanza kuchagua. Nyingi zilikuwa na matundu. Jirani yangu muuza dagaa wa omena, mama wa Kakamega asiyenyamaza, alimwambia akiendelea hivyo mtoto wake atabaki kuuza mawe. Mama akacheka naye. Kisha akatafuna moja na kuitema.

Nilimwambia kunde ni kunde.

"Ni kunde, ndiyo. Lakini hizi hazijui kwetu. Zitaomba maji kila siku, na mimi nitayatoa wapi?"

 Aliendelea kuchagua hata hivyo, akizitenga zile nono pembeni kwenye leso yake, mpaka zikawa konzi moja hivi.

Akaja mteja, kijana wa mjengo, vumbi la simiti hadi kwenye nyusi. Tukavutana bei hadi nikashuka kidogo, naye akashika mfuko bila kuondoka.

"Niongezee basi, mathe. Hata kidogo tu."

Wanaonijua hawaniombi nyongeza. Nilikuwa nafungua mdomo kumweleza hivyo, Mama akainuka. Aliikunja leso, akaipeleka kwenye mfuko wa yule kijana, akazimimina zile nono zote. Kisha akaikung'uta, akaifunga kiunoni, akaniuliza gorogoro moja nauza pesa ngapi, ili mteja mwingine akija, yeye mwenyewe ajue la kumwambia.