Mwanga Niliodanganya Kuuona

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo habari hizi za jeni nitazieleza jinsi nilivyozishika. Macho yangu yalianza kufifia nikiwa bado nanunua ngege, wale samaki wa ziwani, pale ufukweni Majanji. Ee, Majanji ya wakati ule! Mashua zikifika asubuhi, magamba yanang'aa mpaka unakunja uso. Sasa, mnunuzi asiyeona huuziwa samaki wa jana, basi nikaficha. Nilitia kidole kwenye matamvua, nikanusa, kisha nikasema kwa ukali, "Huyu jicho limekufa, lete mwingine!" Wauzaji wakacheka, "Jamaa huyu haibiwi!" Mke wangu aliwakaanga hao samaki hapo Busia, na watu wakivuka mpaka walifuata harufu tu. Siku hizi hakuna anayekaanga vile. Lakini nilikuwa nasimulia habari za macho.

Mwaka huu mke wangu alinipeleka Tororo kwa daktari wa macho, binti mpole. Akasema retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho, imechakaa. Ng'ambo wanajaribu tiba: wanachukua jeni ya mwani, ile inayotengeneza protini ya kuhisi mwanga, wanaibebesha kirusi kisichodhuru, wanaichoma ndani ya jicho. Seli zilizobaki hai zinajifunza kushika mwanga. Bado ni majaribio, akasema; yeye anaweza tu kupeleka jina langu.

Akanipima. "Mzee, nikiwasha tochi, sema ndiyo."

Tochi yenyewe ilikuwa inalia, ta! Nikajibu ndiyo kila ilipolia, bila kukosea, kama niko Majanji.

"Basi sitakuandika," akasema. "Wanatafuta waliokwisha kupoteza mwanga kabisa. Wewe bado unauona."

Mke wangu akapiga makofi. "Asante Mungu! Na mimi nilidhani hata dirisha huoni!"

Furaha yake ilinichoma. Ningenyamaza, tungerudi nyumbani tukicheka.

"Binti," nikasema, "pima tena. Kitufe cha hiyo tochi kifunike kwa kitambaa, kisilie."

Nikangoja. Kimya. Nikangoja tena.

"Unawasha lini?"

"Nimewasha mara nne, mzee."

Mke wangu akanishika goti. "Tangu lini, baba?"

"Mjukuu wetu wa kwanza sijamwona uso."

Nikasikia daktari anavuta karatasi aniandike, ananiuliza umri. Mke wangu ndiye akamjibu, kabla sijapunguza miaka.